Kwaresima: Uache Nini, Uongeze Nini?

Jumatano ya Majivu ikikaribia, Wakatoliki wengi huulizana: "Mwaka huu unaacha nini?" Jibu huwa tayari mdomoni: nyama, vileo, vitu vitamu, mitandao. Ni jambo jema. Ila mara nyingi tunachagua kilichozoeleka, au kinachoonekana kigumu machoni pa wengine, bila kujiuliza ni kishawishi kipi hasa kinachotuangusha. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza Kwaresima nzima bila kuonja nyama, halafu kabla ya Pasaka akaungama dhambi ileile aliyoiungama kabla ya Noeli, tena kwa maneno yaleyale.

Hapa nalinganisha mazoezi yanayoshikwa zaidi, ili kila mmoja aone linalomfaa. Kipimo changu ni kimoja: je, zoezi hili linagusa pale ninapoangukia?

Yale ambayo si ya kuchagua

Kuna sehemu ya Kwaresima isiyotuachia hiari. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 1251, inatudai kufunga na kujinyima nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, pamoja na kujinyima nyama siku za Ijumaa. Kufunga kunamhusu aliyetimiza miaka 18 hadi anapoanza mwaka wake wa 60. Kujinyima nyama kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Papa Paulo VI alieleza mwaka 1966 kwamba siku ya kufunga mtu hula mlo mmoja kamili, na asubuhi na jioni anaruhusiwa kula kidogo. Mgonjwa, mama mjamzito na anayenyonyesha wana udhuru. Mabaraza ya maaskofu yanaweza kupanga utaratibu wa nchi zao, kwa hiyo sikiliza tangazo la parokia yako. Na Ijumaa ikiangukia sherehe, kama ile ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, katazo la nyama linaondoka siku hiyo.

Hicho ndicho kiwango cha chini, na ni kidogo. Yote yaliyobaki katika siku 40 yako mikononi mwetu, na hapo ndipo uchaguzi unapoanza.

Kitambue kishawishi chako kwanza

Dominika ya kwanza ya Kwaresima, kila mwaka, tunasomewa habari za Yesu kujaribiwa jangwani, kwa kufuata mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa: Mwaka A kwa Mathayo, Mwaka B kwa Marko, Mwaka C kwa Luka. Marko anaimaliza kwa aya mbili. Mathayo na Luka wanasimulia majaribu yote matatu, ingawa Luka anabadilisha mpangilio wa la pili na la tatu. Mawe yawe mkate. Jitupe chini kutoka kinara cha hekalu. Nisujudie, nikupe milki zote. Nayaona humo tumbo, sifa na madaraka. Yesu amefunga siku 40 na ana njaa. Mjaribu anaanzia hapohapo penye njaa.

Kwetu naye haanzii mahali pa kubahatisha. Chukua daftari, ukae peke yako, uandike mara chache za mwisho ulizoanguka katika kosa lile linalokurudia: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa umechoka, una hasira, au huna la kufanya? Mmoja ataona kwamba ni saa tano usiku, taa imezimwa, usingizi hauji na simu iko mkononi. Mwingine ataona kwamba ni jioni anaporudi kazini. Hajavua viatu, maneno makali yameshamtoka kwa mke au mume, au kwa watoto. Wa tatu ataona kwamba ni kila anaposikia mwenzake amepandishwa cheo: anampongeza kwa mdomo, kisha siku nzima anatafuta wa kumsimulia kasoro zake. Watu hawa watatu wakishika zoezi moja, wawili kati yao watafunga bure, au karibu na bure.

Kujaribiwa si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2847, inatofautisha kati ya kujaribiwa na kukubali kishawishi. Nalisema hili kwa sababu wapo waumini wema wanaoteseka sana; wazo chafu likipita tu kichwani wanajizuia Komunyo wiki nzima. Wazo lililokuja bila kuitwa, ukalikataa, halijakutenga na Mungu. Yesu mwenyewe alijaribiwa.

Kufunga chakula au kufunga simu?

Kufunga chakula ndilo zoezi la kale zaidi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilitajia sababu tatu: kuzuia tamaa za mwili, kuinua akili kwenye mambo ya Mungu, na kufanya malipizi ya dhambi. Ile ya kwanza inaonekana haraka. Anayejizoesha kuliambia tumbo "subiri" anajifunza neno analolihitaji tamaa nyingine inapobisha hodi. Kwa hiyo, kama kishawishi chako ni cha mwili, yaani ulafi, ulevi au uzinzi, kufunga chakula kunakufaa sana, hata zaidi ya zile siku mbili za lazima. Uzuri wake mwingine ni kwamba njaa inakuja yenyewe: hata ukisahau kusali, tumbo litakukumbusha kwamba leo si siku ya kawaida.

Lakini kuna mahali kunakoleta madhara. Yule mwenye hasira za jioni akifunga hadi usiku huenda akawa mkali maradufu. Isaya sura ya 58 inawakemea waliofunga huku wakigombana na kuwaonea vibarua wao. Watoto wakianza kukukwepa kwa sababu leo umefunga, mfungo huo urekebishwe. Mwenye hasira namshauri afuate kiwango cha Kanisa kwenye chakula, kisha afunge maneno: kuanzia anapofika mlangoni hadi watu wameketi mezani, asitamke lawama yoyote. Na aliyewahi kuugua maradhi yanayohusu ulaji asijiamulie mfungo mzito peke yake. Azungumze na daktari na padre, achague njia nyingine.

Kufunga simu hakumo katika kanuni yoyote, lakini kwa wengi wetu leo ndiko kunakouma zaidi. Wengine hufuta programu zote za mitandao kwa siku 40. Wengine hupunguza: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Kati ya hizo mbili, kufuta kabisa kunamfaa anayejijua kwamba akigusa kidogo hatoki. Kupunguza kunaonekana kwa wastani, ila kuna udhaifu mmoja: kila siku unalazimika kuamua upya, na siku uliyochoka uamuzi unakwenda upande wa tamaa. Mimi napendelea njia ya tatu, ya kuweka mpaka wa mahali. Simu ilale sebuleni, chaji yake ikae huko, na atakayehitaji kengele ya kumwamsha anunue saa ya mezani. Yule wa saa tano usiku akifanya hili tu, ameondoa sehemu kubwa ya mapambano yake bila hata kuanza kupambana. Katika sala ya kutubu tunasema "sitaki kukosa tena". Kusema hivyo kisha kulala na kile kinachokukosesha kikiwa chini ya mto ni kujitakia shari.

Kasoro ya kufunga simu ni kwamba mtu anaweza kuufanya mfungo huo wote bila Mungu ndani yake. Asiye na imani naye hupunguza simu ili apate usingizi. Muda uliookolewa usipokuwa na pa kwenda, televisheni itauchukua.

Kuacha au kuongeza?

Siku hizi wengi wanasema ni afadhali kuongeza jema kuliko kuacha kitu. Nawaelewa, na nakubaliana nao nusu. Bwana anasimulia katika Mathayo 12 habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu. Akarudi, akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na pepo wengine saba. Hali ya mwisho ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nyumba ilisafishwa, ila hakuwekwa mkaaji. Anayeacha pombe siku 40 bila kumkaribisha Kristo katika zile saa za jioni alizokuwa akinywa, mara nyingi tunajua Jumatatu ya Pasaka itakavyokuwa.

Kuongeza peke yake nako kuna mtego wake. Mtu anaongeza Rozari ya pili, Misa ya asubuhi, na novena juu ya novena, huku kinyongo alicho nacho na ndugu yake hakijaguswa. Ratiba imejaa, moyo uko palepale. Tena sala zikiwa nyingi mno huchosha, na wiki ya tatu zote zinaanguka kwa pamoja.

Kwa hiyo naona afadhali kuacha kimoja na kuongeza kimoja, viwili hivyo vikae saa ileile. Uliyeacha simu saa tano usiku, saa hiyohiyo soma Injili ya kesho. Uliyeacha kinywaji cha jioni, saa hiyohiyo pita kanisani au mtembelee mgonjwa. Kama huwezi kushika viwili, pima hivi: aliye katika tabia ya dhambi nzito aanze kwa kuacha, maana huwezi kuujaza moyo ulioshikwa. Asiye na dhambi nzito ya mazoea, lakini imani yake imepoa na Misa anaihudhuria kwa desturi tu, aanze kwa kuongeza.

Uongeze sala ipi?

Njia ya Msalaba ina vituo 14, idadi iliyothibitishwa na Papa Klementi XII mwaka 1731. Inamfaa asiyeweza kutulia kwa kukaa, kwa kuwa mwili wenyewe unatembea toka kituo hadi kituo, na inamfaa anayepata nguvu kwa kusali na wenzake Ijumaa. Rozari inamfaa anayepambana akiwa njiani, kitandani, au mikono ikiwa na kazi. Shanga moja inatosha kuishikilia akili isizurure. Kuabudu Ekaristi Takatifu kunamfaa aliyechoka na maneno.

Lakini kwa kishawishi chenyewe, naliweka Neno la Mungu mbele ya zote. Jangwani Yesu hakubishana na Ibilisi kwa hoja ndefu. Mara zote tatu alijibu kwa aya kutoka Kumbukumbu la Torati, na ya kwanza ni ile tunayoijua wote: "Mtu hataishi kwa mkate tu, ila kwa kila neno litokalo katika kinywa cha Mungu." Evagrius wa Ponto, mmonaki aliyeishi jangwani Misri katika karne ya 4, aliifuata njia hiyohiyo: alikusanya aya za Maandiko za kujibu kila wazo ovu, ulafi kwa aya zake, hasira kwa aya zake, huzuni kwa aya zake. Nasi tunaweza. Chagua aya moja tu ya kishawishi chako, uijue kwa moyo kabla ya Dominika ya kwanza. Mwenye hasira ana Yakobo 1:19, kuwa mwepesi wa kusikia, si mwepesi wa kusema wala kukasirika. Mwenye wivu ana 1 Wakorintho 13: "upendo hauhusudu". Aliyekata tamaa ana 1 Wakorintho 10:13, kwamba pamoja na lile jaribu Mungu atafanya na mlango wa kutokea.

Tahadhari ni moja: Ibilisi naye alinukuu Zaburi ya 91. Kwa hiyo aya isomwe pamoja na sura yake, tena kwa kusali. Isigeuzwe kuwa hirizi.

Je, saa nzima Jumapili au dakika kumi kila siku? Dakika kumi kila siku. Kishawishi hakingoji Jumapili.

Sadaka ya pesa au ya muda?

Injili ya Jumatano ya Majivu, Mathayo 6, inataja sadaka kabla ya sala na kufunga, lakini sisi mara nyingi tunaiweka mwisho. Kwa mwenye uchoyo, pesa ndiyo sadaka inayouma, basi atoe pesa, na angalau kile alichookoa kwa kufunga kimfikie maskini. Mwenye pesa nyingi anayeona kutoa ni rahisi, atoe muda: akae na mzee asiyetembelewa, asikilize hadithi aliyokwisha kuisikia. Mtakatifu Agustino aliziita kufunga na sadaka mabawa mawili ya sala.

Na yule wa wivu? Kufunga nyama hakutamsaidia sana. Amwombee mwenzake kwa jina kila siku, tena aombe afanikiwe zaidi, kisha amtendee wema mmoja kwa siri. Siku za mwanzo sala hiyo itakuwa chungu mdomoni. Aendelee hivyohivyo.

Kitubio: Juma Kuu au mwanzoni?

Hapa natamani kusikilizwa kuliko mahali pengine pote. Mazoezi yote niliyotaja ni jitihada zetu tukisaidiwa na neema. Kitubio ni sakramenti: Kristo mwenyewe anasamehe na kutia nguvu. Hata hivyo wengi wetu tunakiahirisha hadi Juma Kuu, foleni ni ndefu, padre amechoka, na kila mtu anapata dakika chache. Msamaha ni uleule, halali kabisa. Kinachokosekana ni shauri, na kinachopotea ni wiki sita za kupambana ukiwa na mzigo mgongoni.

Linganisha na anayeungama katika wiki ya kwanza. Anaingia Kwaresima akiwa katika neema, na mfungo wake unakuwa mwitikio wa aliyesamehewa. Akirudi tena katikati, anaweza kumwambia padre: "Nilikusudia hivi, nimeanguka hapa." Kanuni ya 989 inatudai kuungama dhambi kubwa angalau mara moja kwa mwaka, lakini mwenye dhambi ya mazoea akishika hiyo mara moja tu anajinyima msaada ulio karibu.

Padre yuleyule au padre tofauti kila mara? Kwa aibu, wengi hubadilisha. Nawaelewa, ikiwa kubadilisha ndiko kutakakokupeleka, nenda. Lakini kwa kosa linalorudi, padre yuleyule ni bora mara nyingi, kwa sababu ataona mwenendo usiouona mwenyewe, na siri ya maungamo inamfunga kabisa. Mtakatifu Ignasi wa Loyola alifundisha kwamba adui wa roho hupenda sana mashauri yake yafichwe, na anavunjika moyo mtu anapoyafichua kwa muungamishi mwema. Wengi walioachana na dhambi ya miaka wanaweza kushuhudia kwamba ilianza kulegea siku ilipotajwa kwa jina lake, bila kuizungukazunguka.

Ignasi huyohuyo alifundisha kuchunguza dhamiri kwa kosa moja mahususi. Asubuhi unakusudia kujilinda na kosa hilo. Baada ya chakula cha mchana na tena baada ya cha jioni unahesabu mara ulizoanguka na kutia nukta kwenye mstari wa siku. Kisha unalinganisha siku na siku, wiki na wiki. Uchunguzi wa jumla kila usiku ni mzuri kwa anayetaka kumshukuru Mungu na kuiona siku yake yote, lakini kwa Kwaresima ya kupambana na kishawishi kimoja, huu wa nukta unaonyesha ukweli haraka zaidi. Unaweza kukuta kwamba nukta zimejazana Ijumaa jioni, na siku nyingine karibu ziko tupu. Basi Ijumaa jioni ndiyo siku ya kupanga upya.

Dominika: kulegeza au kuendelea?

Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46. Ukitoa Dominika sita zinabaki 40. Dominika si siku ya kufunga, kwa sababu ni siku ya Ufufuko. Kwa hiyo ulichojinyima kilicho chema, kama kitu kitamu, unaweza kukionja Dominika kwa shukrani. Lakini ulichokiacha kwa kuwa kinakuangusha, usikirudie hata Dominika. Mwenye shida ya pombe hana Dominika ya kulegeza.

Ukianguka katikati

Wengi huanguka. Hapo njia huwa tatu: kukata tamaa na kusema "nitajaribu mwakani", kujiadhibu kwa kuongeza mzigo mara mbili, au kuendelea na kipimo kilekile siku hiyohiyo. Ya kwanza ndiyo anayoitaka Mwovu. Ya pili inaonekana ya kitakatifu, lakini mara nyingi ni majivuno yaliyoumia. Mtu ameudhika kwamba yeye ameanguka, kuliko alivyohuzunika kwamba amemkosea Mungu. Shika ya tatu. Kama ni dhambi kubwa, tafuta padre wiki hiyohiyo, usisubiri Juma Kuu.

Ignasi alionya pia kwamba wakati wa ukavu wa roho tusibadilishe makusudio tuliyoyafanya tukiwa na utulivu. Basi usiupunguze mfungo usiku wa mapambano, hata kama hoja zinaonekana nzuri kiasi gani. Ukiona kweli kipimo ulichojiwekea ni kizito mno, kipunguze asubuhi ya siku tulivu, baada ya kusali na kuzungumza na padre wako, kisha ukishike hicho kilichopungua hadi Alhamisi Kuu jioni.